Mwalimu aliyesema shule bila ardhi ni kazi bure

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nijibu makala iliyochapishwa humu hivi karibuni kuhusu walimu wanaoacha chaki na kuingia katika siasa. Mwandishi wake alisema kwa masikitiko kwamba kila mwalimu anayechukua fomu ya kugombea huacha darasa bila mtu, wala hawezi tena kulirudia. Akamtaja Mwalimu Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955, kuwa ni mfano wa pekee usiopaswa kuwatia wengine tamaa. Juu ya Mwalimu sina la kuongeza, kwa kuwa habari zake zinajulikana na kila msomaji wa gazeti hili. Ila sikubali kwamba yuko peke yake. Yupo Mmarekani mweusi wa karne ya 19, Francis Lewis Cardozo, aliyetoka darasani akaenda Bunge la Katiba, akashika hazina ya jimbo zima, akatiwa gerezani, kisha akarudi darasani na kufundisha hadi karibu na uzee wake. Hotuba moja aliyoitoa mwaka 1868 inaijibu makala ile vizuri kuliko niwezavyo kuijibu mimi, na ndiyo maana namleta mbele ya wasomaji wako.

Cardozo alizaliwa mwaka 1836 katika mji wa bandari wa Charleston, jimbo la South Carolina, wakati ambapo zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo hilo walikuwa watumwa. Yeye hakuzaliwa mtumwa. Mama yake, Lydia Weston, alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika, na baba yake, Isaac Cardozo, alikuwa Myahudi aliyefanya kazi katika forodha ya mji. Wako waandishi wanaomtaja Jacob Cardozo, mhariri wa gazeti na mtaalamu wa mambo ya uchumi, kuwa ndiye baba. Huyo alikuwa ndugu yake Isaac, na nadhani umaarufu wake ndio uliowavuta waandishi hao. Uhuru wa familia hii, hata hivyo, ulikuwa wa kubanwa kila upande. Sheria ya jimbo ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika, na iliwabana vikali watu weusi huru waliokuwa wakiendesha shule. Daniel Payne, ambaye baadaye alikuwa askofu mashuhuri wa kanisa la African Methodist Episcopal, alilazimika kuifunga shule yake hapo Charleston mwaka 1835. Kwa hiyo mtoto huyu alipata masomo yake ya kwanza katika mazingira ambamo shule ya watu wa rangi yake iliendelea kwa kuvumiliwa tu na wakubwa wa mji, na alipofika umri wa miaka 12 akapelekwa kwa fundi seremala awe mwanagenzi.

Alishika randa na msumeno mpaka akavuka umri wa miaka 20, huku akiweka akiba. Mwaka 1858 akaivuka bahari ya Atlantiki kwa fedha ya jasho lake na kujiandikisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, ambako alipata tuzo katika Kilatini na Kigiriki. Baadaye akasomea theolojia Edinburgh na London. Akiwa huko ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza Aprili 1861, na mizinga ya kwanza ikalia katika bandari ileile ya mji wake, kwenye ngome ya Fort Sumter. Aliporudi Marekani mwaka 1864 hakuweza kufika kwao, maana Charleston ilikuwa bado mikononi mwa waasi wa Kusini. Akawa mchungaji wa kanisa la Temple Street katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, na huko akaoa.

Kazi hiyo ya uchungaji ilikuwa ya heshima na ya utulivu, na mtu mwingine angebaki nayo. Vita vilipokwisha mwaka 1865, Cardozo aliiacha, akatumwa Charleston na jumuiya ya kimisionari iitwayo American Missionary Association kusimamia shule ya watu waliotoka utumwani, akichukua nafasi ya mdogo wake, Thomas. Mji ulikuwa umeharibiwa kwa mizinga na moto. Watoto na watu wazima walijazana katika madarasa, mamia kwa mamia, wengi wao wakishika kitabu kwa mara ya kwanza bila kuogopa kiboko. Walimu wake walikuwa mchanganyiko wa wazungu waliotoka majimbo ya Kaskazini na watu weusi wazaliwa wa hapohapo Charleston. Cardozo aliona mapema kwamba shule inayotegemea walimu wa kuazimwa kutoka mbali haitadumu, kwani siku wafadhili watakapochoka milango itafungwa. Akaanza kuwaandikia wakubwa wake kudai chuo cha ualimu, mahali ambapo vijana weusi wa Kusini wangefunzwa kuwafundisha wenzao. Alifanikiwa. Kwa msaada wa fedha zilizotoka katika urithi wa Charles Avery, tajiri wa Pittsburgh aliyewahi kuwa mpinzani wa utumwa, jengo la Avery Normal Institute lilifunguliwa katika mtaa wa Bull mwaka 1868, na chuo hicho kilitoa walimu kwa vizazi kadhaa mpaka kilipofungwa mwaka 1954.

Mpaka hapa mwandishi wa makala yenu angempenda Cardozo. Alikuwa mwalimu mzuri, mahali panapofaa, na matunda yanaonekana. Kisha, mwaka uleule ambao jengo lake lilikuwa likimalizika, akaingia katika siasa.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kukumbuka hali ilivyokuwa. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri ya kutenga ardhi ya ukanda wa pwani, kuanzia Charleston kwenda kusini mpaka Florida, ili familia za waliokuwa watumwa zipewe viwanja visivyozidi ekari 40. Maelfu ya watu walikwishahamia humo na kupanda. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson aliwasamehe wenye mashamba walioasi na kuamuru warudishiwe mali zao, nao waliolima wakaondolewa au wakalazimishwa kutia saini mikataba ya kazi na mabwana wao wa jana. Huo ndio uhuru walioukuta wazazi wa wanafunzi wa Cardozo. Mtoto alijifunza hesabu asubuhi, na jioni akarudi kwa baba aliyekuwa akilima pamba ya mtu mwingine kwa masharti ya mtu mwingine.

Mwaka 1867 Bunge la Marekani lilipitisha sheria za kuyajenga upya majimbo ya Kusini, ambazo ziliwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura ya kuchagua wajumbe wa kuandika katiba mpya. Bunge la Katiba la South Carolina lilikutana Charleston kuanzia Januari hadi Machi 1868, na wajumbe weusi walikuwa wengi kuliko weupe, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika nchi hiyo. Cardozo alichaguliwa mjumbe, akafanywa mwenyekiti wa kamati ya elimu. Lakini hotuba ninayotaka kuizungumzia hakuitoa kuhusu elimu. Aliitoa kuhusu madeni.

Wamiliki wa mashamba makubwa walikuwa wamefilisika. Mali yao kubwa, yaani watumwa, ilikuwa imeondoka. Fedha za serikali ya waasi zilikuwa zimegeuka makaratasi. Na wadai walikuwa wakisubiri mlangoni. Likaletwa pendekezo la kusimamisha ukusanyaji wa madeni kwa muda, ili watu wapate kupumua. Lilisikika kama jambo la huruma, na wajumbe kadhaa waliliunga mkono kwa hoja kwamba hata maskini wana madeni. Cardozo alisimama kulipinga. Alisema kwamba nguzo mojawapo kubwa ya utumwa ilikuwa ni mfumo wa mashamba makubwa, ambamo mtu mmoja humiliki ekari elfu, mwingine elfu ishirini, mwingine elfu hamsini, na kwamba mashamba hayo yakiachwa yaende mnadani kwa ajili ya madeni yatagawanyika, na yakigawanyika masikini atapata pa kusimama. Hakutaka wenye mali wanyang'anywe kwa nguvu, na alilitamka hilo wazi. Alichotaka ni kwamba wasikingwe na sheria dhidi ya hasara ya vita walivyovianzisha wenyewe. Utumwa umekufa, alisema, basi na mfumo wa mashamba makubwa uende pamoja nao. Kisha akatamka neno ambalo lingemshangaza mtu yeyote aliyemjua kuwa mkuu wa shule: kwamba ni kazi bure kuwa na shule zozote hali tukiendelea kuutunza mfumo huo wa kilimo, ambao ni ngome ya utumwa.

Nimesoma hotuba za wanasiasa wengi waliokuwa walimu, na wengi wao wakipanda jukwaani huendelea kusifu elimu kana kwamba ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Huyu alikuwa amejenga shule kwa mikono yake, mkufunzi wa Kilatini aliyesoma Glasgow, naye ndiye aliyesimama mbele ya wenzake na kusema shule peke yake haitoshi. Aliyajua hayo kwa sababu alikuwa mwalimu. Nani mwingine angeona vizuri zaidi kinachompata kijana aliyehitimu, anayejua kusoma mkataba lakini hana uwezo wa kukataa kuutia saini kwa kuwa hana pengine pa kulala?

Na kama mwalimu wa hesabu, hakuishia kwenye maneno matupu. Wapinzani wake walidai kwamba mashamba yakipigwa mnada yatanunuliwa na walanguzi, si na maskini. Alikiri kwamba walanguzi watakuwepo, kisha akatoa ushahidi. Watu weusi wa Charleston wapatao mia moja, wote maskini, walikuwa wameunda kampuni ya kununua ardhi kwa hisa za dola 10 kila moja, zinazolipwa dola moja kwa mwezi. Walikuwa wakikutana kwa muda wa mwaka mmoja. Akawaambia wajumbe kwamba siku iliyotangulia tu, watu hao walikuwa wamenunua ekari kama 600 kwa dola 6,600, ardhi ambayo katika nyakati nzuri ingeuzwa kwa dola 25,000 au hata 50,000. Wasomaji wako walio katika vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa hawahitaji kuelezwa jinsi dola moja ya kila mwezi inavyoweza kufika huko. Ningependa kujua wajumbe waliomsikiliza walikuwa na sura gani wakati hesabu hiyo ikisomwa, maana wengi kati ya wale weusi walikuwa wamezaliwa wakiwa wao wenyewe ni kitu cha kuuzwa mnadani.

Naona alikosea kidogo katika hesabu hiyo, au tuseme alikuwa na matumaini mengi kuliko soko lilivyostahili. Watu mia moja wa mjini, mafundi na wachuuzi wenye kipato cha fedha taslimu, wangeweza kuchanga dola moja kwa mwezi. Mkulima wa bara aliyelipwa kwa sehemu ya mavuno asingeweza. Mnada peke yake usingemfikishia huyo ekari hata moja, na South Carolina yenyewe ililitambua jambo hilo mwaka uliofuata ilipounda tume ya ardhi, ambayo nitaieleza hapa chini.

Kwanza elimu, maana hakuisahau. Kifungu kilichotoka katika kamati yake kiliagiza jimbo liwe na shule za umma zinazogharimiwa kwa kodi, ambazo zingekuwa bure na wazi kwa watoto wote bila kujali rangi wala asili. Kiliagiza pia kwamba, mfumo utakapokuwa umekamilika, watoto wa kuanzia miaka 6 hadi 16 walazimike kuhudhuria shule kwa jumla ya miezi 24 isiyopungua. Kabla ya hapo South Carolina haikuwa na mfumo wa jumla wa shule za umma hata kwa watoto wa wazungu maskini. Mjadala juu ya rangi ulikuwa mkali. Cardozo aliwatuliza wenzake kwa kusema kwamba pale ambapo watu wa pande zote mbili watapenda kuwa na shule zao mbalimbali, hakuna sheria itakayowazuia. Lakini katika vijiji ambamo watoto wote hawazidi ishirini na tano au thelathini, itakuwa upuuzi kwa watoto weupe kumi au kumi na tano kudai wajengewe shule ya peke yao. Kwa vitendo, shule nyingi zilikuja kutenganishwa hata hivyo. Lakini kufikia mwaka 1876 zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wameandikishwa, weusi kwa weupe, katika jimbo ambalo miaka kumi na miwili tu kabla yake lilikuwa na sheria ya kuadhibu anayemfundisha mtumwa herufi.

Katika uchaguzi wa mwaka huohuo wa 1868 Cardozo alichaguliwa kuwa Katibu wa Jimbo kwa tiketi ya chama cha Republican, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa kuchaguliwa na jimbo zima la South Carolina, na miongoni mwa wa kwanza kabisa katika Marekani yote. Habari zake fupi zilizoandikwa hapa na pale huanzia na kuishia hapo. Mimi naona wadhifa huo una maana kwa sababu ya tume ya ardhi tu. Tume iliundwa kwa sheria ya Machi 1869: jimbo linunue mashamba, liyagawe katika viwanja vya ekari 25 hadi 100, na kuwauzia wakulima kwa malipo ya muda mrefu, kwa sharti kwamba mnunuzi akae humo na alime. Wazo lilikuwa zuri kuliko mnada. Utekelezaji wake wa mwanzo ulikuwa wa aibu. Fedha za umma zilinunulia ardhi mbovu kwa bei ya ardhi nzuri, likiwemo bwawa moja lenye matope liitwalo Hell Hole, na tofauti ya bei ikaingia katika mifuko ya watu.

Hapa siwezi kumsafisha Cardozo kabisa. Kwa mujibu wa sheria, Katibu wa Jimbo alikuwa mjumbe wa bodi ya kuishauri tume hiyo pamoja na gavana na wakuu wengine, na ununuzi huo mbovu ulifanyika bodi ikiwepo. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 1872, uchafu ulipokwisha kuonekana, kazi ya tume ilihamishiwa ofisini kwake, naye ndiye aliyeanza kuzipanga hesabu, kuweka kumbukumbu za nani amekaa wapi na amelipa kiasi gani, na kuufanya mpango uende. Maelfu ya familia zilipata kukaa juu ya ardhi hiyo kwa nyakati mbalimbali. Nyingine zilishindwa kulipa na kuondoka, nyingine zilibaki kwa vizazi. Kijiji cha Promised Land, katika wilaya ambayo leo inaitwa Greenwood, kilitokana na mpango huo na kipo mpaka sasa. Katikati ya kazi hizo alipata pia muda wa kufundisha Kilatini katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, nadhani kwa sababu chaki ilikuwa haijamtoka mikononi.

Mwaka 1872 akachaguliwa kuwa Mweka Hazina wa Jimbo, na hapo ndipo alipopata maadui wa kweli, wengi wao kutoka chama chake mwenyewe. Bunge la jimbo lilikuwa na kikundi kilichozoea kupitisha madai ya uongo na kuyapeleka hazina yalipwe. Cardozo aliyarudisha. Mwaka 1875 wabunge hao walijaribu kumwondoa madarakani, wakashindwa, na Gavana Daniel Chamberlain alisimama upande wake. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo Chuo Kikuu cha South Carolina kilifungua milango yake kwa wanafunzi weusi, na Mweka Hazina akawa mmoja wa waliosomea sheria humo, pamoja na kazi zake zote. Miongoni mwa wahadhiri alikuwepo Richard Greener, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya Harvard College. Chuo hicho cha watu wa rangi zote kiliishi miaka minne tu.

Kilichoondoa yote hayo kilikuwa bunduki. Katika kampeni ya mwaka 1876 wafuasi wa Jenerali Wade Hampton, mgombea wa chama cha Democratic, walizunguka jimbo wakiwa wamevaa mashati mekundu na kubeba silaha. Mwezi Julai walikuwa tayari wamewaua watu weusi katika kijiji cha Hamburg. Kila upande ulidai umeshinda, jimbo likawa na serikali mbili kwa miezi kadhaa, mpaka Aprili 1877 Rais Rutherford Hayes alipowaondoa askari wa serikali kuu kutoka jengo la bunge huko Columbia. Hampton akaingia, Cardozo akaondoka ofisini, na chuo kikuu kikafungwa ili kisiwe tena na mwanafunzi mweusi.

Miezi michache baadaye serikali mpya ilimshitaki kwa kula njama ya kuiibia hazina. Mahakama ikamtia hatiani Novemba 1877, ikampa kifungo cha miaka miwili na faini ya dola 4,000. Msomaji wako mmoja akikutana na habari hii peke yake atasema, naam, ndiyo siasa, hata mwalimu akishika fedha huharibika. Namwomba aangalie jinsi kesi hiyo ilivyokwisha. Wakati huohuo mahakama za serikali kuu zilikuwa na mashitaka dhidi ya wanachama wa Democratic kwa ghasia za uchaguzi. Makubaliano yakafanyika: serikali kuu iliacha mashitaka yake, na Gavana William Simpson akampa Cardozo msamaha mwaka 1879, yeye pamoja na Robert Smalls, yule nahodha aliyewahi kuiteka meli ya waasi akiwa mtumwa na baadaye akawa mbunge. Wanahistoria walioupitia ushahidi wameuona kuwa dhaifu. Nami nasema kwamba serikali inayoamini kweli kuwa mtu ameiba fedha za wananchi haimwachii ili watu wake wenye damu mikononi nao waachiwe. Hata hivyo msamaha si sawa na kufutiwa hatia, na hukumu hiyo imebaki imeandikwa juu ya jina lake.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo makala yenu ilidai kuwa haiwezekani, yaani mwalimu kurudi. Baada ya muda wa kufanya kazi katika Wizara ya Fedha huko Washington, Cardozo aliteuliwa mwaka 1884 kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya watoto weusi ya mji huo, iliyokuja kujulikana kwa jina la mtaa wake, M Street. Aliiongoza kwa miaka 12, mpaka 1896. Kilatini kiliendelea kufundishwa, lakini aliongeza masomo ya biashara: utunzaji wa vitabu vya hesabu, hati mkato, mambo ambayo yangempa kijana kazi mjini. Mwanahazina huyo alijua thamani ya mtu anayeweza kusoma daftari la mapato na kugundua palipofutwa. Mmoja wa walimu waliofundisha chini yake ni Anna Julia Cooper, ambaye baadaye aliiongoza shule hiyo na kuwa mmoja wa wanawake wasomi wakubwa wa Marekani.

Aliishi muda wa kutosha kuiona kazi yake ya 1868 ikivunjwa. Mwaka 1895 South Carolina iliandika katiba nyingine, ikawanyang'anya watu weusi kura kwa masharti ya kusoma na ya kodi, na ikaweka kifungu kinachokataza mtoto wa rangi moja kusoma katika shule ya rangi nyingine. Kifungu hicho kilidumu mpaka wazazi wa wilaya ya Clarendon, katika jimbo hilohilo, walipopeleka kesi yao mahakamani, na kesi hiyo ikawa miongoni mwa zile zilizoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954, ilipopiga marufuku kuwatenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi. Cardozo alikuwa amefariki Washington mwaka 1903. Mwaka 1928 shule ya sekondari ya biashara ya mji huo ilipewa jina lake.

Liko jambo moja linalomgusa msomaji wa Afrika Mashariki, nalo nitalitaja kwa ufupi. Mjukuu wake, Eslanda Goode, ndiye aliyeolewa na mwimbaji Paul Robeson. Mwaka 1936 mama huyo, aliyekuwa akisomea elimu ya jamii za watu, alisafiri na mwanawe mdogo kupitia Afrika Kusini mpaka Uganda, akakaa na wafugaji wa Toro na kuandika juu ya maisha yao, katika kitabu kilichotoka mwaka 1945.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Ikiwa gazeti lako litaendelea na mjadala huu wa walimu katika siasa, ichapeni hotuba ya Cardozo kuhusu madeni na mashamba, ikiwa imetafsiriwa yote, pamoja na majibu ya waliompinga. Kumbukumbu za Bunge lile la Katiba zilipigwa chapa Charleston mwaka huohuo wa 1868, na zinapatikana. Mchango wake katika mjadala huo si mrefu. Unaenea katika ukurasa mliompa mwandishi wa makala ile.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro